Tulipu za vichwa vingi, friji ya mitumba na avokado za Mama

Najua niliahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata, lakini itangoja kidogo. Leo naandika kuhusu maua. Msicheke.

Mama alifanya kazi miaka 19 katika shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, akipanga waridi kwa urefu wa bua na kuzifunga tayari kwa safari ya Ulaya. Siku moja, akitazama picha kwenye simu yangu, aliona tulipu ambayo bua lake moja limebeba maua manne. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Hii ukipewa moja tu, umepewa shada zima." Nikamwambia nitamkuzia. Maneno ni rahisi.

Tulipu nyingi hutoa ua moja kwa kila bua. Hizi za vichwa vingi, bua hugawanyika karibu na juu na kila tawi likabeba ua lake. Iitwayo 'Fusilier' ni fupi, nyekundu ya moto, na ni ya jamii ya tulipu mwitu wa milima ya Tajikistan. 'Antoinette' ni ndefu kidogo na ina kituko chake, nitakifikia. Nilizitaka zote mbili. Ila kuagiza matunguu, yaani vile vitunguu vyake vya kupanda, kutoka Uholanzi si kama kuagiza kipanya cha kompyuta. Lazima upate kibali cha KEPHIS kabla mzigo haujaondoka huko, nao uje na cheti cha afya ya mimea. Nilifuata utaratibu, na Oktoba 2022 matunguu 40 yakanifikia hapa Limuru.

Shida ni baridi. Tulipu huhesabu baridi kabla ya kuamka. Bila wiki 12 hadi 14 hivi za nyuzi 5 au karibu na hapo, bua halirefuki sawasawa. Limuru mwezi wa Julai tunavaa makoti, lakini kwa tulipu hiyo si baridi ya kuhesabika. Kwa hiyo nikayatia kwenye mfuko wa karatasi na kuyaweka kwenye friji. Akilini mwangu ilikuwa kazi ya saa tu: weka, ngoja, toa.

Januari 2023 nikapanda. Majani yakatoka vizuri sana. Matumba yakachungulia, kisha yakakauka yote yakiwa madogo kama punje za mchele. Ua sikupata hata moja.

Nilifanya ninavyofanya programu inapokwama: nikakagua rekodi. Nilikuwa na kipimajoto kilichoandika hali ya friji kila saa, na safu nzima ilikuwa safi. Maji, sawa. Udongo, sawa. Nilikesha siku mbili juu ya tarakimu zile. Mke wangu akapita na kikombe chake cha chai, akauliza, "Na zile avokado je?"

Mama hatutembelei mikono mitupu. Huja na avokado za shambani kwake, nasi huziweka kwenye friji zikianza kulainika. Zilikaa juu ya matunguu yangu tangu Novemba. Tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huua ua likiwa bado ndani ya tunguu, wakati kwa nje hakuna dalili yoyote. Kipimajoto changu kilikuwa kikipima kitu kimoja, hitilafu ilikuwa kwingine kabisa. Mama nilimwambia tulipu zimechelewa. Sikuwa na moyo wa kumweleza kilichozichelewesha.

Msimu uliofuata nilinunua friji ndogo ya mitumba, nikaandika mlangoni kwa kalamu nene: HAPANA MATUNDA. Safari hii niliagiza 'Antoinette' za aina mbili: nusu matunguu makubwa, ya mzingo wa sentimita 12 na zaidi, na nusu madogo ya bei nafuu. Januari 2024, kabla ya kupanda, nililipasua moja kubwa kwa kisu. Katikati ya maganda meupe lilikuwamo ua, kijani hafifu, na ubavuni mwake vichwa vingine viwili vidogo zaidi. Nilivikuza kwa kamera ya simu nikavitazama mpaka chai ikapoa. Ua huanza kujengwa wakati wa joto, tunguu likiwa bado Uholanzi, kabla hujalilipia. Hakuna samadi itakayoongeza vichwa sasa. Ni kama kupokea programu ambayo msimbo wake umeshafungwa: unachoweza ni kuiwasha, au kuiharibu.

Nusu nilipanda bustanini, nusu kwenye vyungu vya udongo vyenye matundu, kumi kumi, karibu karibu bila kugusana, bila sahani chini maana maji yakituama tunguu linaoza. Bustani ilinishinda. Ule udongo wetu mwekundu ulifika nyuzi 21 kila alasiri, na tulipu zikachanua zikiwa zimechuchumaa katikati ya majani. Vyungu niliviweka kwenye ukuta wa kaskazini, kwa kuwa Januari jua hupita kusini yetu, na humo udongo ulibaki nyuzi 15 hivi. Chungu kinahamishika, bustani haihamishiki. Matunguu madogo yalitoa ua moja moja, mawili kwa bahati. Makubwa yalitoa matatu, na matano kati yake yakatoa manne.

Mama alikuja Jumapili moja ya Machi. Hakusema "mazuri." Alichuchumaa, akapima bua kwa shubiri, akasema, "Fupi. Kwetu hili lingerudishwa." Kisha akahesabu vichwa, moja, mbili, tatu, nne, akarudia kuhesabu. Alirudi Naivasha na chungu kizima mapajani kwenye matatu.

Siku tano baadaye akapiga simu kwa sauti ya chini. "Mwanangu, usikasirike. Maua yako nimeyaharibu. Yalikuwa ya manjano, sasa yamekuwa rangi ya chungwa." Nikacheka mpaka nikakaa chini. Ndicho kituko cha 'Antoinette': hubadili rangi kadiri inavyozeeka. Na kwa kuwa tulikuwa tunaungama, nami nikamwambia habari za avokado. Kimya. Halafu, "Kwa hiyo mwaka mzima ulinidanganya?"

Nilimweleza pia kwamba baada ya kuchanua tunguu hugawanyika kuwa madogo, na kwa hali ya hewa yetu hayatachanua tena. Alisema amesikia. Nilipomtembelea Aprili, chungu kilikuwa kivulini, chini ya mwavokado, na udongo wake ulikuwa umemwagiliwa asubuhi ile.