Nyumbani kwa Mputa

Mkazi wa Kampala anunuaye mputa pale Ggaba humhesabu samaki huyo kuwa mwenyeji wa Ziwa Victoria. Sivyo. Mputa, ambaye Watanzania humwita sangara, alipandikizwa katika ziwa hilo katika miaka ya 1950, na nkejje wengi waliokuwa kitoweo cha watoto wa Buganda wakatoweka tumboni mwake. Asili yake ni Ziwa Albert, kaskazini-magharibi mwa nchi, na huko ndiko waendako wapendao kutumia likizo kwa hema na mshipi.

Safari hufuata barabara kuu ya Gulu. Mara baada ya kuvuka mto Kafu, msafiri hukunja kushoto kuelekea Masindi. Hapo ni vema anunue mkaa, chumvi na vitunguu, kwani mbele maduka ni haba. Kisha huupita msitu wa Budongo, wenye mikangazi mirefu na sokwe, na ghafla nchi hukatika. Ndio ukingo wa Bonde la Ufa. Chini yake ziwa limetanda, na ng'ambo yake huonekana milima ya Kongo. Wanyoro huliita Mwitanzige, yaani muua nzige. Mwingereza Samuel Baker, alipolifikia Machi 1864 pamoja na Florence, aliyekuja kuwa mkewe, alilipa jina la marehemu mume wa malkia wake, kana kwamba halikuwa na jina.

Butiaba, chini ya mteremko, ilikuwa bandari ya meli ziendazo Kongo. Maji yalipopanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 bandari ilikufa, na leo ni mwalo wa wavuvi. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena na kuzihamisha kaya nyingi za pwani yake.

Ziwa hili lina urefu wa kilometa 160 na upana wa kilometa 30 hivi, lakini kina chake hakifiki mita 60. Maji mafupi huchafuka upesi upepo uvumapo, na mtumbwi uliojaa watu hauna hila. Siku ya Krismasi ya mwaka 2016 mashua iliyochukua wachezaji wa kandanda na mashabiki wao ilizama humo, na watu wengi wakafa. Kwa hiyo mgeni asione haya kudai jaketi la kuokolea kabla ya kukanyaga mashua, hata kama nahodha atacheka. Aondoke alfajiri, arudi kabla jua halijawa kali.

Hema lipigwe mbali na maji. Kiboko hutoka usiku kula majani, naye hapendi kukuta njia yake imezibwa. Na mamba huijua vizuri saa ya kuosha masufuria. Chandarua ni lazima. Atakaye kuvua ndani ya hifadhi, chini ya maporomoko ya Murchison ambako Nile nzima hujipenyeza katika ufa wa mita saba hivi, apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori. Huko mputa hujibanza kando ya mkondo akingojea windo. Chambo bora ni samaki mdogo aliye hai, na mshipi uwe imara, kwa maana mputa aweza kufikia urefu wa mita mbili.

Lakini wakubwa hao wamekuwa adimu. Siku hizi sehemu kubwa ya mavuno ya ziwa ni muziri na ragoge, samaki wadogo wanaoanikwa juani na kusafirishwa kwa magunia. Kuanzia 2017 wanajeshi walichoma nyavu haramu na mitumbwi midogo. Ziwa lilihitaji mlinzi, hilo halina ubishi. Ila mvuvi aliyezaliwa mwaloni hana shamba la kurudia, na mtumbwi wake ukichomwa, jiko la nyumbani kwake huzimika siku hiyohiyo. Mafuta ya petroli nayo, yaliyogunduliwa mwaka 2006, yameleta lami hadi Buliisa na daraja pale Paraa palipokuwa na kivuko. Mgeni wa Kampala hufika mapema zaidi kuliko zamani. Samaki hawakuongezeka kwa sababu hiyo.

Mputa mdogo akinaswa na arudishwe majini. Wa kilo tatu au nne humtosha mpishi wa kambini: apasuliwe, atiwe chumvi na ndimu, awekwe juu ya makaa bila mafuta, kwani anayo yake ya kutosha. Wakati analiwa, giza huwa limeingia, na taa za wavuvi wa muziri zimewaka ziwani, moja baada ya nyingine, hata mtu asiyejua angedhani kuna mji ng'ambo ile.