Kila Waya na Chaneli Yake



Sisi wa Moshi tumezoea kuona helikopta zikipanda Kilimanjaro kuwachukua wagonjwa. Basi tulipopewa helikopta ndogo ya rimoti, iliyokwisha kutumika, tulitamani kuirusha siku hiyo hiyo. Lakini rimoti yake ya Futaba na kipokezi chake vilikuwa vimebadilishwa, vikawekwa vya Spektrum.

Tukamuuliza kwanza fundi. Akatueleza kwamba kila kazi ina chaneli yake. Kwa kawaida Futaba huipa mota chaneli ya 3. Spektrum huipa ya 1, na ya 3 ni ya kuinamia mbele na nyuma. Waya wa mota ukibaki palepale pa zamani, utatii kijiti kingine. Na pangaboi hukata vidole, nao wadogo zetu walikwisha kutuzunguka!

Tukafungua pangaboi, tukahamisha nyaya tatu. Wa mkia hatukuugusa, kwani ni wa 4 kwa zote mbili. Tukajaribu kijiti kimoja kimoja, ndipo tukairusha.

Ndugu zetu, dini imetufunza kuwauliza wajuao. Tuulize kabla ya kuwasha, si baada ya damu kumwagika.

Wabillahi tawfiq.