Kasri letu tulilipakia kwenye lori

Wadau, wengi wenu mlinijua kwa ile video ya Mtoni. Acha nianzie hapo, ndio muelewe vile nilijipata Nyatike nimekaa juu ya jiwe, kamera imezimwa, sina la kusema. Na kuongea ndiyo kazi yangu.

Ile video niliifanyia nyumbani, huku Ndhiwa, bila kukanyaga Zanzibar hata siku moja. Nilisoma tu, nikaweka picha, nikaongea. Nikawaambia kuhusu Sultani Seyyid Said wa Oman na kasri lake la Mtoni, kaskazini kidogo ya Mji Mkongwe, pale mto mdogo unapoingia baharini. Nikawaambia kuhusu binti yake, Salme, aliyezaliwa humo mwaka wa 1844, akakua akiona tausi, paa na mbuni wakizunguka uani kama kuku wetu. Halafu akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, akatoroka kisiwani mwaka wa 1866, akabatizwa, akaitwa Emily Ruete, na mwaka wa 1886 akachapisha kumbukumbu zake huko Ujerumani. Leo ukitaka kujua bustani ya Mtoni ilikuwaje, unamsoma yeye, kwa sababu ukienda mwenyewe utapata kuta zilizobomoka. Jirani yake, Maruhubi, kasri la Sultani Barghash, lilichomeka mwaka wa 1899. Nguzo zimebaki zimesimama bila kubeba kitu.

Video ilienda vizuri, kusema ukweli ilienda kuliko zote. Lakini komenti iliyopata laiki nyingi haikuhusu Zanzibar. Mtu wa huku kwetu aliandika: "Wenzetu walikuwa na kasri na bustani, sisi tulikuwa na boma la ng'ombe." Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikaipa laiki.

Sasa, mimi natoka Homa Bay. Thimlich Ohinga iko Migori, kaunti jirani, kama kilomita 46 kutoka Migori mjini. Nimeisikia tangu darasa la nne, ile ya kukariri kwa mtihani: "ngome ya mawe iliyojengwa bila simiti." Sikuwahi kwenda. Nilikuwa naweza kuwatajia vyumba vya kasri la Unguja lakini sijui ukuta ulio upande wa pili wa kilima. Hiyo iliniuma kiasi. Basi Jumanne moja nikapanda matatu hadi nilipoweza, kisha boda. Vumbi ilinifikisha nikiwa na nyusi nyeupe kama mzee wa baraza.

Wueh. Picha hazikuambii kitu.

Ukuta unafika mita nne na zaidi sehemu nyingine, sehemu nyingine mita moja na nusu. Upana wake ni kama mita moja, yaani naweza kulala juu yake kwa kukingama nikakunja miguu kidogo tu. Hakuna udongo katikati ya mawe, hakuna chokaa, na hawakuchimba msingi. Mawe hayakuchongwa, yaliokotwa vile yalivyo kilimani. Aliyenizungusha, mzee mpole mwenye kofia ya kuchakaa, alinionyesha siri yenyewe: ukuta ni tatu kwa moja. Kuna safu ya nje, safu ya ndani, halafu katikati vinajazwa vijiwe vidogo vinavyozishika pande zote mbili zisitengane. Ukuta haunyooki pia, unaenda ukijipinda, na kule kujipinda ndiko kunaupa nguvu. Mahali penye wasiwasi wakaongeza egemeo la mawe kwa nje. Nilijaribu kusukuma. Najua, ni ujinga, lakini na wewe ungesukuma.

Lango nalo ni fupi. Juu yake kuna mawe marefu bapa yaliyolazwa kama kizingiti cha juu, na kuingia lazima uiname. Mzee akaniambia, "Adui akiingia hapa, kitu cha kwanza kufika ndani ni kisogo chake." Nikainama nikaingia, nikashika kisogo changu bila kutaka.

Ndani ya boma kubwa, Kochieng, kuna nyua nyingine ndogo ndogo, za mifugo na za watu. Kuna jiwe lenye vishimo vya kuchezea ajua, ile bao yetu. Nje, upande wa kaskazini, walikuwa wakifua chuma. Karibu kuna Kakuku, Koketch na Koluoch, kila moja na kuta zake. Wataalamu wanasema Kochieng pengine ilijengwa karne ya 16. Na hapa ndipo watu wa komenti huwa hawapendi: walioanza kuishi kwenye maboma haya si Wajaluo peke yao. Jamii za Kibantu na za Kinailoti zilipokezana, wa kwanza wakahama, wa pili wakaingia, wakarekebisha palipolegea, wakaendelea. Hakuna aliyebomoa akaanza upya ili aseme ni yake. Kwa hivyo wewe unayeandika kila wiki "hii ni yetu peke yetu", pumzika kidogo. Na wewe unayesema ilijengwa na Wareno au majitu, hata sikujibu. Great Zimbabwe iliambiwa hivyo hivyo miaka mingi, eti wageni ndio walijenga, kwa sababu tu kuna watu hawawezi kuona mawe yamepangwa vizuri wakaamini mkono uliopanga ulikuwa mweusi.

Mwaka wa 1981 Thimlich ilitangazwa kuwa mnara wa taifa. Mwaka wa 2000 World Monuments Fund wakaiweka kwenye orodha yao ya maeneo yaliyo hatarini, maana miti na mifugo walikuwa wanaangusha kuta. Ikarekebishwa. Mwaka wa 2018, UNESCO ikaiandika kuwa urithi wa dunia. Hebu fikiria: kabla ya hapo, urithi wote wa kitamaduni wa Kenya kwenye orodha hiyo ulikuwa pwani. Lamu mwaka wa 2001, kaya za Wamijikenda 2008, Fort Jesus 2011. Sisi wa ziwani tulikuwa na nyani na mamba. Sisemi pwani wamebebwa, nasema sisi tulichelewa kuangalia miguuni petu.

Je, ni kasri? Nilimuuliza mzee swali hilo kwa ajili ya video. Akanicheka. "Kasri ni nini?" Nikaanza: mfalme, vyumba vingi, bustani, walinzi... Akasema ruoth alikuwa na watu, hakuwa na vyumba. Ukuta kama huu mtu mmoja hawezi kuujenga kwa amri tu. Watu wanakuja wakitaka, kwa sababu na wao usiku watalala ndani. Nilinyamaza, kwa sababu kwenye video yangu ya Mtoni nilipita haraka sana mahali pamoja: nani aliyekuwa akipalilia ile bustani ya tausi. Zanzibar ya Seyyid Said iliendeshwa na karafuu, na karafuu ziliendeshwa na watumwa. Nilitaja kwa sekunde nne, nikarudi kwa binti mfalme. Sekunde nne, nimehesabu.

Sawa. Mpaka hapo ilikuwa safari nzuri, nina picha, nina stori. Kilichonikalisha ni swali dogo nililouliza nikiwa naondoka: "Kwani ziko ngapi kama hizi?"

Akasema eneo hili la ziwa lina zaidi ya mia tano zilizohesabiwa, nyingi zimelala vichakani. "Lakini zinapungua," akasema. "Watu wanachukua mawe. Wanajengea nyumba, shule, barabara. Mtu anaona rundo tu."

Hapo ndipo nilizima kamera.

Nyuma ya kwetu kuna gunda. Kwa wasiojua: gunda ni mahali palipokuwa na boma, watu wakahama, pakabaki alama. Kila familia ya huku ina gunda yake. Yetu ilikuwa na ukuta wa mawe wa duara, mfupi, umeanguka upande mmoja, mti wa ojuok umeota katikati ya mawe ukayapanua. Tukiwa watoto tulikuwa tunachezea hapo "polisi na wezi". Ukuta ulinifika kifuani. Ulikuwa na mlango mfupi wenye jiwe refu bapa juu yake.

Mwaka wa 2021 nilipata nafasi ya chuo. Mimi ndiye wa kwanza kwetu. Karo haikuwepo. Baba mdogo akapata mtu anayenunua mawe ya msingi wa nyumba, akaja na lori. Elfu nne kwa lori moja. Vijana wakapakia siku mbili, na mimi nikiwa mmoja wao, kwa sababu karo ilikuwa yangu, ningekaa vipi kivulini? Lori saba. Elfu ishirini na nane. Ile jiwe refu la mlangoni ilihitaji watu wanne. Nakumbuka tulishangilia ilipoingia.

Chuo nilisoma mihula mitatu nikatoka. Sitaki kuanza hiyo stori hapa, nishawahi kuisimulia na mnajua maoni yangu. Siku hizi watu wakiniuliza kama najuta huwa nasema hapana, kazi yangu inanilisha. Ni kweli inanilisha. Ila sikuwahi kuhesabu lori saba kwenye hesabu hiyo.

Nilirudi nyumbani usiku huo huo. Asubuhi nikamkuta dani kwenye gunda, ameinama anachuma akeyo. Hii nayo nataka muielewe, hasa wewe wa komenti ya boma la ng'ombe. Gunda ndiyo ardhi yenye rutuba kuliko zote nyumbani, kwa sababu ng'ombe walilala hapo miaka na miaka, jivu likamwagwa hapo, kila kitu kikaoza hapo. Akeyo na osuga zinaota zenyewe bila kupandwa. Dani hajawahi kununua mbolea ya kipande hicho. Tangu nizaliwe nakula mboga za pale, na sikuwahi kujua nakula kutoka kwenye bustani ya mtu fulani aliyeinama kwenye mlango mfupi akaingia kulala. Ya Mtoni imeisha na tausi zake. Ya kwetu bado inatoa mboga kila mvua ikinyesha.

Nikamuuliza, "Dani, huu ukuta nani aliujenga?"

Akasema yeye alipoolewa aliukuta. Mama mkwe wake pia aliukuta. Halafu akasema kitu kilichonivunja: "Mlipokuwa mkipakia nilitaka kuwaambia muache lile la mlango. Lakini wewe ulikuwa na furaha sana, nyakwara. Nikasema acha mtoto asome."

Sikuwa na jibu. Nilichuma naye akeyo nikafunga mafungu, akauza mawili kwa jirani, mengine tukala na ugali.

Nimewauliza wanaojua, wakanieleza kwamba ukuta mdogo kama wetu huenda si wa karne ya 16, huenda ni wa baadaye sana. Watu waliendelea kujenga na kurekebisha mpaka mwanzo wa karne ya 20, utawala wa kikoloni ulipoingia na vita vya koo vikapungua, wakaanza kuzungushia boma ua wa ojuok badala ya mawe. Sawa, pengine wetu ni wa babu wa babu yangu tu. Sijui kwa nini watu hunambia hivyo wakidhani wananipunguzia.

Nimejaribu kufuata mawe. Aliyeyanunua alikumbuka nyumba tatu. Moja imeshapigwa plasta, ya pili ina duka la dawa mbele. Ya tatu iko mbali kidogo barabarani kuelekea Rodi Kopany, na mbele ya mlango wa jikoni wameweka jiwe refu bapa la kukanyagia wasilete tope ndani. Nilisimama nikaliangalia mpaka mama mwenye nyumba akaniuliza kama nimepotea. Nikasema naomba maji ya kunywa. Akanipa. Nilipita pembeni ya lile jiwe kwenda kuchukua kikombe na pembeni tena kurudi, akaniangalia kama mgonjwa.

Video ya Thimlich nitaweka wiki ijayo, ina picha safi, mtaipenda. Nyumbani hapajabaki mengi. Ni kama hatua kumi na tano za ukuta upande wa jua linapochomoza, pale ambapo lori haikuweza kugeuka. Nimezipiga picha jiwe kwa jiwe, nimeandika namba kwa chaki. Nimemwambia baba mdogo nataka kumuona mtu wa makumbusho aje aangalie. Amesema sawa, lakini binamu yangu amepata nafasi ya chuo cha ualimu, na karo ni mwisho wa mwezi, na yule mtu wa lori ameshapiga simu mara mbili.

Binamu yangu ana miaka kumi na tisa na ana akili kunishinda. Nimesema nitatafuta hiyo pesa mimi. Nina mpaka tarehe 30.