Uzi wa Mama na Njia ya Jeddah



Tulipokuwa New York kwa ndugu yetu, tukijiandaa kwenda Umra, mama yetu mzazi aliukuta msala wa nyumba ile umeelekezwa kaskazini-mashariki. Alisimama mlangoni kitambo, kisha akauliza kwa upole: “Wanangu, Makka si iko kusini mwetu? Mbona mwaelekea kwenye barafu?”

Kwa ramani ya ukutani, hoja yake ilikuwa na nguvu. New York iko karibu digrii 41 kaskazini ya ikweta, nayo Makka ni 21 tu. Hatukuwa na jibu. Siku mbili mama aliswali nasi, lakini moyo wake haukutulia.

Siku ya tatu mjukuu wake akaleta tufe la dunia la shuleni. Mama akatoa uzi wake wa kushonea kofia, akashika ncha moja New York na nyingine Jeddah, akaukaza. Uzi ulipanda kaskazini-mashariki, ukapita kusini mwa Newfoundland, ukavuka Atlantiki, kisha ukateremka kupitia Ufaransa, Italia na Misri hadi Bahari ya Shamu.

Tukaulaza uzi uleule juu ya mstari wa ikweta: ukafunika digrii 92 hivi. Mzingo wa dunia ni karibu kilomita 40,000. Ukiugawa kwa 360, kila digrii ni kilomita 111. Zidisha 92 kwa 111, upate takriban kilomita 10,200 baina ya viwanja hivyo viwili vya ndege. Rubani akifuata mstari ulionyooka wa ramani ile ya ukutani, ataongeza zaidi ya kilomita 600.

Elimu hii si ngeni kwetu. Mnamo 1025 Abu Rayhan al-Biruni alikamilisha kitabu cha kupima mahali pa miji na masafa baina yake, akikusudia pia kukijua kibla cha Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Njia fupi ya kuifikia Makka na mwelekeo wa kuikabili vilitoka katika hesabu moja.

Mama akauliza kwa nini jambo hili halikumtatiza kwao Mombasa. Tukamwonyesha: Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, umbali wa kilomita 2,800 hivi. Hapo uzi na ramani havigombani.

Usiku wa safari alikaa dirishani. Ndege ilipotulia angani, kioo cha mbele yake kikaonyesha inaelekea kaskazini-mashariki. Mama akatabasamu, akafunga mkanda, akaanza tasbihi yake.

Mwenye tufe nyumbani na ajaribu pamoja na wanawe; uzi wa kofia watosha.