Mwenye kuanguka mu njia si adui wa shule



Hii ni nafasi ya mwisho kwa sisi wa mwaka wa mwisho kuandika mu karatasi hii mbele ya Eksetat. Wengine walifikiri tutaandika juu ya mitihani, ao juu ya usafi wa interna sawa kila mara. Hapana. Tutaandika juu ya mbio, kwa sababu kuna jambo mu shule yetu lenye kutuuma roho, na kama mukubwa wa wanafunzi ananyamaza, nani atasema?

Wote munajua yaliyopita siku ya mbio ya kupokezana ya mashule jirani. Zilikuwa shule tano, kila shule wakimbiaji sita, kila mumoja kilometa ine ku barabara, kafimbo mu mukono. Tulikuwa wa pili, na wa kwanza tulikuwa tunamuona mugongo. Mukimbiaji wetu wa ine, mutoto wa darasa la chini, alianguka ku mupando, hatua kama mia mbili mbele ya kumufikia mwenzake. Akasimama, akaanguka. Akasimama tena, akaanguka tena, na mara ya tatu hakusimama. Mwenzake wa tano alibaki na mukono wazi mupaka waamuzi walipomuambia atoke mu njia. Shule yetu ikafutwa. Kisha tu njo tulijua kwamba yule kijana alikuwa ametoka kitandani na malaria siku tano mbele ya mbio. Alinyamaza juu aliogopa kupoteza nafasi yake.

Tangu siku ile amepata jina mupya: Pane. Sawa lori yenye kufa mu njia. Akiingia mu refektwari kuna wenye kuimba: "Pane, Pane, ngoja tusukume!" Mutu mumoja ameandika jina hilo ku banki yake na makaa. Sasa anakula peke yake, nyuma ya wengine kumaliza, na amemuambia mumoja wetu kwamba ataomba baba yake amuhamishe. Tena tumesikia kwamba siku ya posho, wakati komite ya michezo itakaa, kuna wenye kutaka jina lake lifutwe kabisa mu liste ya wakimbiaji, na sababu iandikwe: "Ameletea shule haya."

Sisi tunasema hapana. Na hatusemi kwa huruma tu. Tulitafuta habari ya watu wenye kupenda mbio ya namna hii kuliko sisi, tuone wao wanamutendea namna gani mwenye kuanguka. Tumekuta habari hiyo mu inchi ya Japani.

Kule mbio ya kupokezana ya barabara inaitwa ekiden. Jina ni la zamani: eki ni kituo ambapo wajumbe walikuwa wakibadilisha farasi, na den ni kupitisha kitu kwa mwingine. Mbio ya kwanza yenye jina hilo ilikimbiwa mwaka 1917, kutoka Kyoto mupaka Tokyo, kilometa 508, siku tatu, muchana na usiku. Kisha, mwaka 1920, ikaanzishwa mbio ya Hakone, ya vyuo vikubwa vya jimbo la Kanto, jimbo lenye muji wa Tokyo. Siku ya kwanza vilikuwa vyuo 4 tu. Walianza muchana juu asubuhi wanafunzi walikuwa na masomo, na wa mwisho walifika kule milimani giza imekwisha kuingia. Vita kubwa ya dunia ilikatisha mbio hiyo, lakini mwaka 1947 ilianza tena.

Leo vyuo karibu 20 vinashindana kila tarehe 2 na 3 Januari. Kila chuo kinatoa wakimbiaji 10: watano wanakwenda siku ya kwanza, kutoka Tokyo mupaka ku ziwa la Ashi kule Hakone, watano wanarudi siku ya pili. Jumla ni kilometa 217, na kila mumoja anakimbia karibu 20 ao kupita. Wa tano njo anateswa kuliko wote, juu anapanda mulima mupaka meta zaidi ya 800. Na haya yote hayaonwi na mashule tano tu sawa kwetu. Tangu mwaka 1987 televisheni inaonyesha mbio hiyo, na mwenye kuanguka anaanguka mbele ya inchi nzima.

Wao hawabebi kafimbo. Wanabeba mukanda wa kitambaa unaoitwa tasuki, wenye rangi ya chuo, unaovaliwa kutoka bega mupaka kiuno. Kuna sheria ngumu. Siku ya kurudi, kama chuo kimechelewa zaidi ya dakika 20 nyuma ya wa kwanza, mukimbiaji mwenye kungoja anaambiwa aende bila kumungoja mwenzake. Anapewa mukanda mwingine wa kusaidia, na ule wa chuo unabaki nyuma. Kuna mara nyingi ambapo mutu anafika ku kituo na mukanda mu mukono, anakuta mwenzake amekwisha kwenda. Tena kuna sheria ya pili: kama mukimbiaji ameanguka na hawezi tena, mwalimu akimugusa tu, chuo kimetoka mu mashindano. Lakini hapa musikilize vizuri: wenzake wenye kubaki hawatumwi nyumbani. Wanakimbia mupaka mwisho, hata kama saa zao hazihesabiwe. Mwenzao ameanguka, nao wanaendelea na njia yake.

Sasa tuseme juu ya mutu aliyekuwa mumoja wa wenye kuanzisha mbio hiyo. Jina lake ni Kanakuri Shizo. Mwaka 1912 alikuwa mwanafunzi, na alikuwa mumoja wa Wajapani wawili wa kwanza kutumwa ku Olimpiki, kule Stockholm mu inchi ya Swedeni. Safari ilikuwa ya siku nyingi, kwa mashua na kwa treni ya kupita Siberia. Siku ya maratoni jua lilikuwa kali sana. Mukimbiaji mumoja wa Ureno, Francisco Lázaro, alianguka, akakufa kesho yake. Kanakuri naye alizidiwa ku kilometa ya 26 ao 27. Watu wa nyumba moja pembeni ya barabara wakamupokea na kumusaidia. Kisha akarudi kwao bila kuwaambia waamuzi, na mu buku ya mashindano akabaki sawa mutu aliyepotea.

Mutu huyo inchi yake ingeweza kumuita Pane. Inchi nzima ilikuwa imemutuma, naye hakumaliza. Lakini alitumwa tena ku Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920, akamaliza wa 16, na ni mwaka ule ule mbio ya Hakone ilianza, ili wakimbiaji wa mbio ndefu wapatikane wengi, si mumoja mumoja. Mwaka 1967 watu wa Swedeni wakamuita Stockholm amalize maratoni yake. Alikuwa muzee wa miaka 75. Akakimbia mu kiwanja, akakata kamba, na saa yake ikasomwa mbele ya watu: miaka 54, miezi 8, siku 6, saa 5, dakika 32 na nukta 20. Aliaga dunia mwaka 1983. Leo mukimbiaji anayepita wote ku Hakone anapewa zawadi yenye jina lake. Tufikiri kidogo: zawadi ya mwenye kupita wote ina jina la mutu aliyeanguka mu njia.

Habari ya pili inatuhusu sisi Waprotestanti. Chuo cha Aoyama Gakuin, kule Tokyo, kilitoka ku shule ya wamisionari wa Kimetodisti iliyoanzishwa mwaka 1874. Mukanda wake ni wa rangi ya majani mabichi. Mwaka 1976 mukimbiaji wao wa 10, ni kusema wa mwisho kabisa, alianguka akibakiza meta kama 150 tu ku mwisho. Ameta 150! Wenzake tisa walikuwa wamebeba mukanda zaidi ya kilometa 190, na ukaishia pale. Kisha chuo hicho hakikupata tena nafasi ku Hakone mupaka mwaka 2009. Ni miaka 33. Lakini hawakufunga mulango. Mwaka 2015 wakashinda mara ya kwanza, wakashinda tena 2016, 2017 na 2018, na mwaka 2024, siku ya Hakone ya mara ya 100, wao njo walikuwa wa kwanza.

Habari ya tatu ni fupi. Mwaka 1996 vyuo viwili vilitoka mu mashindano ku kipande kimoja, cha ine, juu wakimbiaji wao waliumia muguu: Kanagawa, na Yamanashi Gakuin iliyokuwa imeshinda mwaka 1994 na 1995. Mwaka uliofuata, 1997, nani alikuwa wa kwanza? Kanagawa. Na mwaka 1998 tena Kanagawa.

Mutu asiseme: "Ile ni mambo ya Wajapani, sisi Waafrika tunahusika namna gani?" Mwaka 1989 kijana Mukenya, Joseph Otwori, alivaa mukanda wa Yamanashi Gakuin na kukimbia ku Hakone, na nyuma yake Wakenya wengi wamefuata. Muguu ni muguu, na jua ni jua, hata mutu akitoka wapi.

Tunajua neno ambalo wengine watatujibu: "Mukubwa, shule inataka kushinda. Tukibembeleza wenye kuanguka, kila mutu ataanguka." Sisi pia tunataka kushinda. Tulilia siku ile sawa ninyi. Lakini tuangalie vizuri ukali wa wale watu unakaa wapi. Unakaa mbele ya mbio. Wanaandika wakimbiaji 16, na kisha wanachagua 10 wenye nguvu. Mwalimu anafuata mukimbiaji wake mu gari, anamuangalia, na akiona maisha yake iko mu hatari, anamusimamisha. Kwetu nani alimuuliza yule kijana kama analala vizuri? Nani alikuwa nyuma yake na maji? Ukali wetu umeanza nyuma ya mbio, mu refektwari, na makelele ya "ngoja tusukume". Ukali wa namna hiyo haumufundishe mutu kukimbia. Unamufundisha kuficha homa. Mwaka ujao mwingine atakuwa mugonjwa, ataona vile tulivyomutendea huyu, atanyamaza zaidi, na pengine yeye hatasimama hata mara mbili.

Kwa hiyo, kwa jina la wa mwaka wa mwisho, tunaleta mbele ya komite ya michezo maneno haya:

La kwanza: jina "Pane" liishe. Wakubwa wa vyumba vyote vya interna wamekwisha kukubali kwamba mwenye kuliita ao kuliimba atafyeka majani ya kiwanja siku mbili, hata kama ni rafiki yetu. Na ile banki isafishwe mbele ya juma kuisha.

La pili: yule kijana abaki mu liste. Hatusemi apewe nafasi ya bure. Akimbie sawa wengine siku ya kuchagua, na saa ihukumu.

La tatu: kila mukimbiaji apite ku dispansere siku tatu mbele ya mbio. Mwenye kusema "niko mugonjwa" asipoteze nafasi yake ya mwaka ujao. Tukifanya hivi hakuna mutu atakuwa na sababu ya kuficha.

La ine: kila mukimbiaji afuatwe na mutu mwenye kinga na maji. Vinga viwili vya walimu wetu vinatosha, tukiomba na heshima.

La tano: kama mumoja wetu ameanguka na tumefutwa, tuombe waamuzi wawaache wenye kubaki wakimbie mupaka mwisho. Kafimbo kafike, hata kama hakahesabiwe.

Mu kapela tunafundishwa kila juma kwamba mutume Paulo alifananisha maisha ya mukristo na mbio, na alifananisha kanisa na mwili wenye viungo vingi. Tunapenda sana neno la mbio, juu ya taji. Lile la viungo tunalisahau haraka. Lakini mbio ya kupokezana inaunganisha yote mawili: hakuna mwenye kufika peke yake. Wa sita wetu angeshinda, angeshinda kwa miguu ya watano wenye kumutangulia, na ya yule wa ine pia, aliyekimbia kilometa karibu ine na damu yenye malaria ili kafimbo kasogee.

Nyuma ya Eksetat sisi tunakwenda, kila mumoja njia yake. Kazi ya kuangalia wadogo tutawaachia ninyi wa darasa la tano, na mutaifanya vile mutaona vizuri. Komite inakaa siku ya posho, nyuma ya maombi ya asubuhi. Mwenye kutaka kukataa maneno yetu aje ayakatae mbele ya wote, tutamusikiliza na heshima. Na yule kijana, kama anasoma karatasi hii, ajue kwamba kuanzia leo mangaribi kuna nafasi yake ku meza yetu, sisi wa mwaka wa mwisho. Aje kabla chakula hakijapoa.

Mukubwa wa wanafunzi,
kwa jina la wa mwaka wa mwisho