Pomadi yangu na siri ya baba watoto



Juma lililopita, tulipomaliza kukusanya pesa za likelemba, mama mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini: bwana akiota kitu kule chini, wewe ungefanya nini? Nikamwambia nitaandika. Naandika kwa ruhusa ya baba watoto, ambaye amesoma karatasi hii kabla yenu na kufuta sentensi mbili.

Kwetu ilianza na nguo za kufua. Katika miaka 17 ya ndoa, mume wangu hakuwahi kufua hata leso. Ghafla akawa anafua nguo zake za ndani mwenyewe, usiku, na kuzianika chumbani nyuma ya mlango. Kitandani akanipa mgongo. Nanyi mngewaza nilichowaza. Dada yangu alikuwa ameshapata hata jina la huyo mwanamke.

Nilipomuuliza, aliwaka. Akasema kama kuna ugonjwa nyumbani, ni mimi niliyeuleta kutoka safari zangu za Uvira za kununua ndagala. Tukakaa wiki sita tukisalimiana mbele ya watoto tu.

Kilichovunja ukimya ni pomadi. Mnaijua ile ya kung'arisha uso tunayonunua sokoni Kadutu; sitajifanya siitumii. Niliona inapungua haraka, nikamshuku binti yangu, kumbe jioni moja namkuta baba yake ameishika. Akakaa kitandani, akasema, "Mama watoto, nimejaribu kila kitu." Muuza dawa mmoja alimdunga sindano na kumpa vidonge vya antibiotiki bila hata kumwangalia. Baadaye akajaribu maji ya chumvi, kisha sabuni kali, mwishowe pomadi yangu.

Nikawasha tochi ya simu. Yeye hakutahiriwa utotoni. Govi lilikuwa limevimba na kupasukapasuka kama kisigino wakati wa kiangazi, na chini yake ngozi nyekundu yenye kung'aa, na utando mweupe kama maziwa yaliyoganda. Nilimhurumia. Niliona haya pia, kwa yote niliyokuwa nimemwambia dada yangu.

Asubuhi tulikwenda pamoja kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimwangalia, akanawa mikono, kisha akauliza jambo nisilolitegemea: "Usiku unaamka mara ngapi kukojoa?" Nikajibu mimi: mara nne, mara tano. Ndipo nikakumbuka bidoni ya maji ya kunywa ilivyokuwa ikiisha kabla ya jioni, na mkanda wake uliotobolewa tundu jipya. Kesho yake, kabla hajala kitu, walimchoma kidole: 248. Mtu ambaye hajala akifika 126 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikasema vilevile, ni ugonjwa wa sukari. Walirudia. Ilikuwa ni sukari.

Kule chini ilikuwa kuvu, ile ile inayotuwasha sisi wanawake. Wengi wetu tunakaa nayo mwilini bila shida, lakini mkojo wenye sukari ni chakula chake, na chini ya govi inapata joto na unyevu. Antibiotiki zilikuwa zimeua vijidudu vyema vinavyoizuia. Na pomadi yangu ina klobetasoli, dawa kali inayotuliza mwasho na wekundu kwa siku chache huku kuvu ikizidi kunawiri. Muuguzi alimwandikia pomadi ya klotrimazoli, asubuhi na jioni kwa wiki mbili, na kujiosha kwa maji matupu bila sabuni, kisha kujikausha vizuri. Nami nilitibiwa, maana nilikuwa nawashwa na nimenyamaza. Kwa ajili ya sukari alianza vidonge vya metformini.

Kaswende na virusi vya ukimwi tulipimwa wote wawili. Tulingoja majibu kwenye benchi bila neno. Hatukuwa na kitu.

Kabla ya kutoka nilimuuliza muuguzi maswali ya wamama wote, kwa kuwa nilijua mtaniuliza. Vipele vidogo sana vilivyopangana kuzunguka kichwa cha uume, au punje za manjano chini ya ngozi, ambavyo mwanamume amekuwa navyo tangu ujana, si ugonjwa, viacheni. Doa jeusi linalorudi mahali palepale kila anapomeza kotrimoksazoli, ni mwili unaikataa dawa hiyo, asiimeze tena. Kidonda kimoja kigumu kisichouma ndicho cha kuogopa: kinaweza kuwa kaswende. Kitajifunga chenyewe, lakini ugonjwa unabaki damuni, na mke akiwa na mimba unamfikia mtoto tumboni. Sindano ya penisilini inautibu, wote wawili. Ngozi ikigeuka nyeupe na govi likikaza, huenda daktari akaandika hata ile klobetasoli, lakini yeye ameona anachotibu. Malengelenge pamoja na homa au tezi zilizovimba, msingoje kesho: tunajua mpox ilivyoanzia Kamituga mwaka 2023 kwetu Kivu ya Kusini, na inapita pia kitandani. Na kidonda au uvimbe usiopona kwa wiki tatu uonwe na daktari, kwa sababu hata kansa inaota huko.

Kuvu ilirudi mara moja, baada ya sikukuu za mwisho wa mwaka na soda zake. Safari hii aliniambia siku ileile. Sukari yake sasa iko 130 na kitu. Tunahangaika na bugali, maana mtu wa Bukavu kumpimia bugali ni vita.

Dada yangu nilimpelekea ndagala kilo mbili na kumwomba asahau lile jina. Nguo zake za ndani baba watoto bado anazifua mwenyewe. Sijamzuia.