Nyanya ya Peponi

Hungaria, bustani ya Edeni na ile kitu unakatakata kwa kachumbari zina jina moja: paradicsom. Lisome "paradichom".

Edeni ndiyo ilitangulia. Nyanya asili yake ni Amerika, na ilivuka bahari na Wahispania karne ya 16. Ulaya haikuwa na jina lake, kwa hivyo wengi waliifananisha na tufaha. Waitaliano wakaiita tufaha la dhahabu, pomodoro. Wahungaria wakasema paradicsomalma, tufaha la peponi. Baadaye alma, yaani tufaha, likadondoka. Pepo ikabaki peke yake sokoni, ikipimwa kwa kilo.

Neno lenyewe lilifika huko kupitia Kilatini, lakini mizizi yake iko Uajemi ya kale: bustani iliyozungushiwa ukuta. Mzizi huohuo uliwapa Waarabu Firdaus, nao wakatupa sisi Firdausi. Kwa hivyo nyanya ya Budapest na pepo ya mahubiri ya Lamu ni mabinamu.

Kihungaria hubandika nyuma vile sisi hubandika mbele. Paradicsomok ni nyingi. Paradicsomot ni ile unayoila. Paradicsomom ni yangu. Paradicsomban ni ndani ya nyanya, au peponi, utajua mwenyewe. Kiambishi ndicho huamua ugomvi: chakula cha nyanya ni paradicsomos, raha ya peponi ni paradicsomi.

Sisi nasi tuna mchezo kama huo, tena wa karibu zaidi. Nyanya ni tunda, nyanya ni mama ya mama yako. "Nyanya yangu" haisemi ni yupi. Ngoja kitenzi: nyanya yangu imeiva, nyanya yangu amefika. Herufi moja tu, na mtu anatoka kwa kikapu anakaa mezani.

Lakini Nairobi tunaila hiyo herufi. Mtoto inalia, dere imekataa, tunaelewana na maisha yanasonga. Mimi pia huongea hivyo kila siku. Halafu mwaka jana tukamzika nyanya yangu, na jamaa mmoja akashika maikrofoni akasema, "Nyanya imetuacha." Vijana wa nyuma wakacheka. Hakuwa na ubaya, ndivyo anavyoongea.

Ila mimi nilimrekebisha kimoyomoyo: *ametuacha*. Nimegundua kuna watu ambao siko tayari kuwaita "i".